Maji ya Wali ya Jorina

Jorina, jirani yangu hapa karibu na Faridpur, alikuwa hodari wa kugombana, lakini wali wake haukuwa na mfano. Bomba la uani kwake, la kisima alichochimba marehemu mumewe, lilipopakwa rangi nyekundu kwa sababu ya aseniki, sumu iliyomo ardhini, alitukana kidogo, akabeba mtungi na kwenda kuchota msikitini, kwenye bomba la kijani, lililopimwa likaonekana salama.

Mkwewe Parul, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Mama wa afya alipita akawaeleza kwamba sumu imo hata ndani ya mchele, maana mashamba yananyweshwa maji yaleyale. Jorina auoshe, auloweke, aupike kwa maji mengi ya bomba la kijani, kisha ayamwage.

"Kumwaga maji ya wali ndiko umekuja kunifundisha?" Jorina alimjibu. "Bibi yangu alikuwa anayachuja mama yako hajazaliwa!"

Hata hivyo alifuata yote. Parul akala wali mweupe, akanawiri. Nilimwonea Parul wivu kwa kutunzwa hivyo, sitaficha.

Kumbe Jorina alikuwa hamwagi. Asubuhi moja Parul alimkuta nyuma ya jiko, bakuli mdomoni, anakunywa yale maji mazito ya wali, kayatia chumvi.

"Mama! Si tumeambiwa sumu inabaki humo?"

"Ibaki kwangu. Wewe lea tumbo lako."

"Hebu nionyeshe viganja."

Vilikuwa vimejaa vijisugu na madoa. Sote tulikuwa tukiviona, tukadhani ni kazi, si sumu.

Parul akampokonya bakuli, akamwaga kwenye majivu. Jorina akapiga ukelele uliotutoa majumbani.

"Umemwaga chakula! Mwanangu, umemwaga chakula!"

Mwaka wa njaa, Jorina akiwa mtoto, mama yake alizunguka milangoni mwa watu akiomba hayo tu: si wali, maji yake. Mdogo wake alifia mgongoni mwa mama wakiwa bado wanazunguka. Habari hiyo tuliijua kijiji kizima, na hakuna aliyeikumbuka siku mama wa afya aliposema yamwagwe.

Mtoto wa Parul alizaliwa salama, msichana. Siku hizi Parul ndiye anayepika. Akishaivisha humwita mama mkwe ampakate mtoto, na Jorina humchukua, akatoka naye hadi barabarani, mpaka aambiwe kwamba maji yamekwisha kumwagwa.