Ujumbe wa Wanja Nilioufanya Wangu

Nimewahi kuaibika kanisani, nimewahi kuaibika hata ukweni, lakini aibu ya Mikinduri ndiyo hunifanya mpaka leo nijifunike blanketi kichwani nikiikumbuka, na naisimulia mwenyewe kwa sababu nisiposimulia kuna mtu ana video.

Nilikuwa afisa wa nyanjani katika ushirika wa maziwa, kazi ya kuzunguka na pikipiki nikiwashauri wafugaji. Meneja wetu alifungua grupu ya simu ili maafisa wa Meru na wa Embu tufundishane, lakini wiki zikapita karibu hakuna aliyeandika zaidi ya "habari za asubuhi". Basi akaanzisha nyota, kwamba anayeleta ujuzi wa maana anawekewa nyota kando ya jina lake. Kwa nyota hiyo huwezi kununua hata chai, lakini tuliitafuta (mimi zaidi, maana nilikuwa mgeni kazini na nilitaka nionekane).

Shida ni kwamba ujuzi wenyewe sikuwa nao. Aliyekuwa nao ni Wanja, mwenzetu wa Karurumo upande wa Embu, ambaye kwenye grupu alikaa kimya tu, lakini ukimuuliza pembeni anakutumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Nikamuuliza habari ya ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi. Akatuma dakika sita, nikasikiliza mbili, nikakimbilia grupu kuandika: "Mfungie kijiti mdomoni kama hatamu, atafune, atoe mate, gesi itapanda." Nilifikiria kuongeza kwamba nimefundishwa na Wanja, nikaona jina linarefusha ujumbe, nikaacha.

Nyota ikaja. Meneja akasambaza ule ujumbe kwa wafugaji wote, akaanza kuniita mtaalamu, na mwezi haujaisha nikapelekwa Mikinduri, kule Meru, kufundisha wafugaji, yeye mwenyewe akinirusha moja kwa moja kwenye grupu kwa simu yake.

Nilikuwa bado nasalimia watu wakati Mama Kanana, mfugaji wa hapo karibu, alikuja akihema. "Daktari, ng'ombe wangu amekula majani ya viazi yakiwa na umande. Tumbo limekuwa ngoma."

(Daktari. Sikumrekebisha.)

Tukaenda sote, kama watu arobaini, meneja na simu yake mbele. Nikafunga kijiti vizuri kabisa, ng'ombe akatafuna, nikaeleza sayansi yake kwa sauti ya kujiamini, na tumbo likazidi kupanda. Ulimi ukatoka nje. Mama Kanana akanisogelea, akaniambia polepole, "Daktari, huyu ndiye anasomesha watoto wangu."

Nikampigia Wanja, na kwa vile kelele zilikuwa nyingi nikaweka spika.

"Wanja, kile kijiti cha ng'ombe aliyevimba kimekataa kufanya kazi."

"Umemsimamisha aje? Kichwa kiko upande wa juu ama wa chini?"

Shamba lile ni mteremko, na nilikuwa nimemfunga akiangalia bondeni. Nikasema chini.

"Lakini si nilikuambia kwa ile sauti miguu ya mbele iwe juu? Ama hukusikiliza mpaka mwisho?"

Watu arobaini walisikia, na grupu nzima ikasikia pia.

Tukamgeuza. Wanja akaelekeza apewe mafuta ya kupikia kidogo kidogo na asuguliwe ubavu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa, uso wangu na mdomo wa ng'ombe vikiangaliana, wakati gesi yote iliamua kutoka pamoja na majani ya viazi. Sitaeleza zaidi, ila nilioga mara tatu na mbwa wetu bado alinibwekea.

Ng'ombe alipona. Jioni nilimpigia Wanja kumwomba msamaha, nikamuuliza kwa nini haandiki mwenyewe kwenye grupu na anajua mengi vile.

"Niliandika mara moja," akasema. "Badala ya dawa nikaandika 'ndawa'. Mlicheka siku mbili. Na wewe ndiye ulianza."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikarudi nyuma kwenye grupu nikitafuta, nikaukuta ujumbe wake, maelezo mazuri ya ugonjwa wa kiwele, na chini yake vikatuni vitatu vya kucheka, vyangu. Ile ya Mikinduri ilikuwa aibu ya kuchekwa, lakini hii niliibeba peke yangu. Nikaandika pale pale kwamba ujuzi wa kijiti ni wa Wanja, na nikaomba nyota yangu iondolewe.

Tangu siku hiyo sitoi neno la mtu bila jina lake, na ujumbe wa sauti hata uwe wa dakika ishirini nausikiliza wote nikiwa nimekaa chini. Na Wanja akiandika ndawa, mimi nasoma dawa, namwambia asante.