Ukuta Uliofundishwa Kuvuta Pumzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlango wa maktaba bado umefungwa, lakini nje kuna mtu anaimba juu ya ngazi. Ana bisibisi mkononi na taa ndogo mbili mfukoni. Anang'oa iliyoungua, anapachika nzima, anashuka hatua tatu kuutazama ukuta, kisha anaendelea na wimbo pale alipoukatia.

Huyu ni fundi umeme mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Mtaani wanamwita Mama Ngazi, kwa kuwa ngazi yake haazimishi hata kwa ndugu. Kazi yake ni kutunza taa elfu sita zinazoandika mashairi kwenye ukuta huo.

Mashairi yenyewe asili yake ni utenzi wa kale, beti mia nne na kumi na mbili, uliokaa miaka mingi sandukuni ukila vumbi. Programu ya kompyuta huchukua mshororo hapa na mwingine kule, ikifuata vina, na kuunda ubeti ambao haukuwahi kuwepo. Aliyeiandika ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Yeye ana akili, mimi nina ngazi," anasema Mama Ngazi. "Bila mimi, akili yake ingekaa gizani."

Mwaka jana utani huo nusura uishe. Miezi minne tangu ukuta uwashwe, watu walikuwa wanapita tu. Mkuu wa maktaba akasema wazi kwamba wasipoanza kusimama, mwisho wa mwezi taa zinazimwa. Kwa Mama Ngazi, anayelipwa kwa siku, hiyo ilimaanisha kibarua kuota nyasi. Wifi alibadilisha rangi, akakuza herufi. Wapi!

Dawa ilipatikana juu ya ngazi. Mama Ngazi alilelewa na mama asiyejua kusoma, lakini aliyekuwa na utenzi ule wote kichwani, akiuimba kila anapofua. Siku moja akibadilisha taa, naye akajaribu kuimba ubeti uliokuwa mbele yake. Alipofika mshororo wa tatu, ubeti ukatoweka, ukaja mwingine. Akaanza upya, ukamtoroka tena. Kila ubeti ulikuwa umepewa sekunde nne.

"Nilimpigia simu papo hapo," anakumbuka. "Nikamwambia, wifi, umeupimia macho tu. Utenzi unataka pumzi. Hata anayesoma kimoyomoyo, anaimba."

Wifi akajibu kwamba kompyuta haina mapafu. Mama Ngazi akasema atamwazima yake, maana ngazi ndiyo haazimishi. Jioni wakakaa jikoni, mmoja akiimba, mwingine akihesabu muda kwenye simu. Ubeti mmoja na pumzi zake ulitaka sekunde kumi na tisa. Wifi aliona ni nyingi mno, akabisha, akanuna kidogo, akaziweka.

Wiki ya kwanza alisimama muuza magazeti. Ya pili, wauguzi wawili waliotoka zamu. Kufika mwisho wa mwezi, mlinzi alihesabu watu thelathini na saba asubuhi moja, wengine midomo ikicheza. Taa hazikuzimwa. Mama Ngazi hafichi kwamba alilia, tena akiwa huko huko juu.

Leo ukuta unasema:

*Subira haina choyo,*
*hukaa ndani ya moyo,*
*mgeni wa jana huyo*
*leo amekuwa mwana.*

"Kwenye utenzi wenyewe, mgeni huyo ni njaa," anaeleza. "Hapa kafanywa mtoto wa nyumbani. Nilipomwimbia mama, alicheka mpaka akakohoa."

Sasa ana mpango. Mama yake, mwenye miaka themanini na moja, ana beti zake mwenyewe alizotunga akifua, na hazijaandikwa popote. Mama Ngazi ameshanakili kumi na moja kwenye daftari. Kila Jumapili wifi humfundisha kuziingiza kwenye programu, zichanganyike na zile za kale. Anataka siku moja mama asimame mbele ya ukuta na kuimbiwa maneno yake, naye aitikie.

Mama amekubali, kwa sharti moja.

"Mwambie wifi yako, siku hizi pumzi yangu ni ndogo," alisema. "Aniongezee sekunde."

Safari hii wifi hakubisha. Ameweka ishirini na tano.