Msimu Niliomwacha Nahodha Wetu

Tulishuka daraja siku ya Jumapili, na Jumatatu jioni mwenyekiti wa timu akatuita dukani kwake Nyamisangura, hapa Tarime. Anauza mabati, misumari na saruji. Tulikaa nyuma ya duka, juu ya mifuko ya saruji, yeye, mimi, na mama mmoja fundi cherehani ambaye alikuwa katibu wa timu yetu ya wanawake. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi mwenyekiti aongee kwa sauti ya mtu anayegombana, na kusema kweli alikuwa anagombana.

"Mwalimu," aliniambia, maana asubuhi nafundisha shule ya msingi na jioni nafundisha mpira, "mimi sikuanza kusaidia timu hii ili watu wanicheke sokoni. Upande wa pili kule nina ndugu zangu. Wananiambia kuna washambuliaji wawili na kiungo mmoja, wamecheza miaka mingi. Waje hao watatu, turudi juu mwaka huu huu."

Upande wa pili kwetu ni Kenya. Ukishapita Sirari umeingia kwa shangazi na binamu zako. Hao wachezaji watatu nilikuwa nawajua. Walikuwa wazuri, sikatai. Lakini walikuwa na umri kama wangu, na mimi niliacha kucheza kwa sababu ya umri.

"Mzee, wakija hao tutapanda," nilisema. "Halafu msimu ukiisha watarudi kwao, na sisi tutabaki na wachezaji wale wale waliochoka. Tutashuka tena."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka tuanze upya, na wasichana watakaokaa. Nipe muda mpaka dirisha la usajili lifungwe."

Katibu akasema, "Mpe, mzee. Timu aliianzisha yeye." Mwenyekiti akakubali, ila kwa sharti: tukianza ligi ya mkoa vibaya, wa kwanza kuondoka ni kocha. Nikasema sawa.

Katibu hakuwa amesema kweli yote. Timu sikuianzisha peke yangu. Tuliianzisha wawili, mimi na mwanamke mmoja aliyeolewa Kemambo, ambaye tangu siku ya kwanza ndiye alikuwa nahodha wetu. Tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiwaomba wazazi wawaruhusu mabinti wao. Huko kwake baba mkwe alimwambia kwamba mwanamke anayevaa kaptula mbele za watu hawezi kupika katika boma lake. Alimjibu bila kupandisha sauti: "Tata, nitapika kwanza, ndipo nitacheza." Akafanya hivyo kwa miaka kumi. Anasonga ugali, anaufunika, anapanda bodaboda, na saa tisa na nusu yuko uwanjani amevaa njumu. Wasichana walimwita Mama, hata wale waliompita kwa kimo.

Sasa nilikuwa na daftari mbele yangu. Niliandika majina ya wachezaji wote, na mbele ya kila jina nikajiuliza jambo moja tu: huyu miaka mitatu ijayo atakuwa anatufaa? Sikujiuliza nani anatufaa leo, kwa sababu leo tulikuwa tumeshuka, na hakuna mchezaji mmoja ambaye angebadilisha hilo. Wengi walipita. Watano niliwawekea alama ya kuachwa. Jina la nahodha nililiruka. Nikaenda la chini yake, nikarudi, nikaliruka tena.

Alicheza beki wa kati. Goti lake la kulia lilikuwa likivimba kila baada ya mechi, na wapinzani walishajua. Walikuwa wanapiga mpira nyuma yake, wanakimbia. Mechi za mwisho tulifungwa hivyo hivyo, moja baada ya nyingine. Mimi niliona. Yeye aliona. Hakuna aliyesema.

Jumamosi nilikwenda Genkuru. Nilikuwa nimesikia kuna msichana anacheza na vijana wa kiume kwenye uwanja wa changarawe karibu na barabara ya mgodini. Siku za kazi alikuwa anapika kwa mama lishe anayewauzia chakula wafanyakazi wa mgodi. Nilisimama pembeni nikamtazama mechi nzima. Alikuwa hana haraka. Kijana akija na mpira, anamsubiri, anamsubiri, halafu mguu unatoka mara moja na mpira ni wake. Nilisahau kwamba jua linaniunguza.

Baadaye alinipeleka kwao. Mama yake alikuwa anaanika muhogo juu ya mwamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mpira?"

Nikamweleza nimekuja kwa nini. Aliendelea kupanga vipande vya muhogo mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Na anayecheza nafasi hiyo sasa hivi, mmemfanyaje?"

Sikutegemea swali hilo. "Bado yupo," nilisema.

"Anajua umekuja huku?"

"Nitamwambia."

Mama akanitazama. "Mwambie, mwalimu. Sitaki binti yangu aende kukaa kwenye kiti cha mtu ambaye hajainuka." Kisha akamwita binti aniletee maji ya kunywa, na mambo yakawa yamekwisha.

Wiki iliyofuata nilipanda gari la asubuhi kwenda Mugumu. Mfungaji wetu bora alikuwa ameolewa karibu na huko, na safari za kila wiki zilishamchosha. Mwenyewe alikuwa ameniomba nimwachie. Kocha wa timu ya Mugumu, mwanamume mpole anayeongea kidogo, alimtaka sana. Nilimwambia simtoi bure: nataka kipa wake wa akiba na winga mmoja mdogo ambaye hakuwa akimpanga.

"Kipa wa akiba atakusaidia nini?" aliuliza.

"Wewe unaye kipa wa kwanza. Mimi sina hata wa pili."

Alicheka, tukasaini karatasi. Nikirudi, gari lilipovuka mto Mara nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. Nilikuwa nimetoa magoli yote ya msimu uliopita, nimepokea wasichana wawili ambao hakuna mtu Tarime aliyewahi kuwasikia. Mwenyekiti alipopata habari alinipigia simu. Hakusalimia. "Umemuuza mfungaji tukiwa tumeshuka? Mwalimu, wewe uko timamu?"

Dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Orodha ilikuwa tayari, na jina la nahodha halikuwemo. Nilikuwa nimepanga kwenda Kemambo Jumatano nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Jumatano ilinyesha. Alhamisi haikunyesha sana, lakini nilisema barabara itakuwa na matope. Nilishika simu mara nne, na mara zote nne nikaiweka mezani. Ningemwambiaje kwa simu? Na kama siwezi kumwambia kwa simu, ningemwambiaje akiwa amesimama mbele yangu? Nilimwogopa. Nilikuwa sijawahi kumwogopa katika maisha yangu.

Ijumaa mchana nilipeleka fomu ofisi ya chama cha mpira, na nakala ya orodha nikaibandika kwenye ukuta wa stoo ya uwanja, kama tulivyozoea kila mwaka. Nilijiambia nitamwahi kabla ya mazoezi.

Sikumwahi. Nilipofika uwanjani wasichana walikuwa wamekusanyika karibu na stoo. Yeye alikuwa amesimama mbele yao, begi la njumu begani, anasoma. Alisoma orodha kuanzia juu mpaka chini. Akaanza tena juu. Binti wa Genkuru alikuwa pembeni yake, amevaa jezi mpya, hajui aangalie wapi.

"Hii ni orodha kamili?" aliniuliza nahodha bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Hujasahau mtu?"

Nikasema, "Nilikuwa nataka kuja Kemambo—"

"Nimekuuliza hujasahau mtu."

"Sijasahau."

Akageuka. Sikuona hasira usoni kwake, na hilo ndilo lililonitisha. Akamwangalia binti wa Genkuru, akamwambia, "Winga wa kushoto harudi kukaba. Usipomwita, utabaki peke yako." Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Nilimwita mara moja. Hakusimama, na mimi sikukimbia.

Siku hiyo wachezaji wanne walikataa kufanya mazoezi. Mmoja, kiungo niliyemtegemea, aliniambia akinitazama machoni kabisa: "Kocha, kama Mama anaachwa kwa karatasi, sisi utatuacha kwa nini? Kwa meseji?"

Jumatatu tukasikia kwamba Ijumaa ile ile, kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa amesajiliwa Mugumu. Kocha yule mpole alisikia habari, akampigia simu akiwa bado njiani. Mwenyekiti alikuja shuleni kwangu wakati wa mapumziko, akanikuta na chaki mkononi. "Umewapa mfungaji, umewapa na beki," alisema. "Mechi ya kwanza ni na nani, unajua?"

Nilijua. Ratiba ilikuwa imetoka.

Jumapili yake nilikwenda Kemambo, kwa kuchelewa. Nilimkuta shambani anapanda viazi vitamu. Aliitikia salamu, akaendelea kupanda. Nikavua viatu, nikachukua mbegu, nikapanda mstari wa pili sambamba naye. Tulienda mpaka mwisho wa tuta.

"Goti langu nalijua," alisema hatimaye. "Nilikuwa nasubiri uniambie. Msimu mzima nilikuwa nasubiri. Ningevua kitambaa cha unahodha mwenyewe, nikamvisha huyo mtoto mkononi. Wewe ukaninyima hata hilo."

"Niliogopa."

"Mimi nilimwambia baba mkwe wangu mbele ya ukoo. Wewe umeshindwa kuniambia mimi?"

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Tutaonana uwanjani," alisema, na akaanza tuta jingine. Hakunifukuza, lakini hakunikaribisha ndani.

Mechi ilichezwa kwetu. Watu walijaa kuliko siku zote, wengi walikuja kwa ajili yake, na jina lake lilipotajwa walishangilia kwa nguvu kuliko walivyotushangilia sisi. Kocha wa Mugumu alikuwa mjanja. Hakumweka katikati ambako ningemkimbiza. Alimweka nyuma kabisa, akisindikizwa na mabeki wawili wenye mbio, na kazi yake ikawa kusoma mpira na kupanga wenzake. Sauti yake ilisikika uwanja mzima. Mimi sikuwahi kufikiria kumtumia hivyo.

Mfungaji wetu wa zamani alitufunga mapema tu. Nilimwona mwenyekiti akitazama saa. Wasichana wangu wakaanza kulaumiana, na kwa muda nikaona mwezi mzima wa kazi unaanguka mbele ya macho yangu. Kisha mfungaji yule yule akatoroka tena, peke yake, na binti wa Genkuru akabaki naye. Akamsubiri. Akamsubiri. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mguu ukatoka, mpira ukawa wake, na hapo hapo akapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Winga, rudi!" Winga akarudi.

Baada ya hapo hatukufungwa tena. Hatukufunga pia, ila kipa wetu aliokoa mipira ambayo msimu uliopita tungeiokota wavuni. Tulipoteza kwa bao moja. Mwenyekiti alishuka jukwaani, akaja mpaka kwenye benchi, nikajiandaa kusikia nimefukuzwa. Alisimama pale akiwatazama wasichana wanavua njumu. "Huyo wa Genkuru ana miaka mingapi?" aliuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Sikujua kama nimepona mpaka nilipoona Jumanne amelipeleka gari lake la kubebea mabati kuwachukua wasichana wa mbali waje mazoezini.

Msimu ule hatukupanda. Tulimaliza katikati, na uliofuata tukamaliza juu kidogo. Mugumu walipanda, nahodha wangu akiwa nao. Alicheza mwaka mmoja tu, kisha akaacha, na sasa anafundisha wasichana wa shule huko Kemambo. Tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Mazungumzo yanaisha mapema. Wapo wanaoniambia nilikuwa na haki, timu ilihitaji kuvunjwa ili ijengwe, na mimi naamini wanachosema. Lakini nikiwa peke yangu siwazi orodha. Nawaza ile Alhamisi ambayo haikunyesha sana.

Mwaka jana dirisha lilipokaribia nilikuwa na wawili wa kuwaacha. Nilikwenda nyumbani kwa kila mmoja kabla sijaandika kitu. Wa kwanza alilia, akanishukuru. Wa pili, msichana wa pale Nyamisangura, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni.

"Umemaliza, kocha?" aliuliza.

"Nimemaliza."

Akafunga mlango. Nilisimama barazani kidogo, mama yake akatoka na kikombe cha uji, akanipa, akasema ninywe kwanza, njia ni ndefu. Nikanywa nikiwa nimesimama, huku namsikia binti yake ndani akirusha njumu ukutani, moja, halafu nyingine.