Mwaka Mzima kwa Siku Moja

Hakuna anayetoka kwao akisema anakwenda kutalii Birmingham. Wageni huja kwa sababu mtoto anahitimu chuo kikuu kule Selly Oak, au dada yao anaishi Acocks Green, halafu wakishakula na kulala siku mbili huuliza, sasa hapa kuna nini cha kutazama? Hapo ndipo mimi hupigiwa simu. Nilizaliwa Eastleigh, Nairobi, katika nyumba ya Kisomali, nikapitia Uholanzi, nikaishia hapa nikiendesha teksi. Kiswahili changu hakijachuja, kwa hiyo Wakenya na Watanzania hupeana namba yangu. Nina njia yangu ya kuwatembezea wageni: sanamu ya fahali wa shaba pale madukani, mifereji yenye mashua nyembamba, maktaba kubwa iliyovishwa pete za chuma, bustani ya mimea yenye nyumba za vioo, na mwisho mbuga ya Sutton, ambako farasi wadogo hujichungia wenyewe.

Nimewatembeza watu wengi, lakini wawili niliowachukua Jumamosi moja ya mwezi wa Mei walinitia wasiwasi tangu asubuhi.

Mwanamume ndiye aliyepiga simu. Alitaka gari siku nzima, yeye na mkewe, wapige picha mahali pazuri. Nilimkuta karibu na stesheni ya Acocks Green, Mkenya wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, mpole wa kusema. Nikatazama nyuma yake nikimsubiri mke atokee. Akaniambia twende Selly Oak, mkewe yuko huko.

Nilidhani labda amelala kwa ndugu. Tukafika mtaa wa wanafunzi, baiskeli na mapipa ya taka mbele ya kila mlango. Mwanamke akatoka na funguo zake mwenyewe, akafunga mlango, akaburuta sanduku la magurudumu mpaka garini. Mimi alinisalimia vizuri. Mumewe alimwambia "umeamka" kama mtu anavyomwambia jirani. Wakakaa nyuma, kila mmoja dirishani kwake, na katikati yao pakabaki nafasi ya kumtosha mtu wa tatu.

Nilipofika kwenye taa za barabarani nilitupa jicho kwenye kioo. Mwanamke alikuwa amefungua kipochi chake cha sarafu. Akatoa pete ya ndoa, akaivaa, akaigeuzageuza ikae. Nikajisemea, hapa pana jambo.

Pale kwa fahali walinikabidhi simu niwapige picha. Mwanamke alikuwa na gauni la njano. Mwanamume akamzungushia mkono kiunoni, wakaegemea pembe, wakacheka cheko la watu waliooana jana. Nilipoishusha simu, mkono uliondoka kiunoni upesi, na kila mmoja akatazama upande wake. Tukarudi garini. Sanduku likafunguliwa, gauni la njano likafunikwa kwa koti la mvua, mwanamume akavaa kofia na jaketi. Tukaenda kwenye mfereji. Hakukuwa na hata wingu, lakini walisimama chini ya mwavuli, mashua iliyopakwa maua ikipita nyuma yao, wakacheka tena lile cheko. Kwenye paa la maktaba walikuwa na nguo nyingine. Kwenye nyumba ya vioo, kati ya migomba na joto la kwetu, nguo nyingine tena.

Kufika hapo nilikuwa nimeshawahukumu. Niliona wazi kwamba hawa ni watu wawili wasiojuana wanaotengeneza ndoa ya kuwaonyesha watu wa uhamiaji, wapate makaratasi. Na jambo hilo liliniuma mimi kuliko ambavyo lingemuuma dereva mwingine. Mke wangu alipokuwa anaombewa kibali cha kuishi hapa, tulitiliwa shaka hivyohivyo. Picha zetu zilikuwa chache, karibu zote za siku ya nikah, na mtu aliyetuhoji alizipanga mezani akauliza nyingine ziko wapi. Tungejibu nini? Hatukuwa watu wa kupigana picha. Tulihojiwa Nairobi, nilipokwenda kwa ajili hiyo, kila mmoja chumba chake, na mimi nikasahau hata mke wangu anatia sukari kiasi gani kwenye chai. Kibali kilichelewa, mtoto wetu wa kwanza akazaliwa mimi nimesharudi huku na mke wangu yuko Nairobi. Sasa hawa waliokuwa na sanduku zima la picha za uongo wangepita, na watu wa kweli wangezidi kushukiwa. Tena simu ilikuwa mkononi mwangu. Mambo yakiharibika, ningesema sikujua?

Nikaendesha mpaka Sutton. Siku ilikuwa imechangamka, watu wamelala kwenye majani, wengine wanalamba barafu ya maziwa. Hawa wangu wakatoa makoti mazito, skafu, kofia za sufu na glavu. Mwanamume akafuta jasho, akasimama kando ya ziwa na kumwambia mwenzake, "Hii itakuwa ya Desemba."

Nikamrudishia simu.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mimi nina leseni na nina watoto. Kama hizi picha ni za kuwadanganya watu wa uhamiaji, tafuteni mtu mwingine wa kuwapiga."

Mwanamke alivua kofia. Akacheka kidogo, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kutwa nzima. "Uhamiaji? Mimi nina pasipoti ya hapa, kaka. Na yeye anayo."

"Basi mnamdanganya nani?"

"Mama yake," akasema.

Tukaketi kwenye benchi, na mwanamke ndiye aliyesimulia, maana mwanamume alikuwa ameinama. Walikuwa wameoana kweli, miaka mingi, na walikuwa wameachana kweli, tangu majira ya baridi. Mama mzazi wa mwanamume alikuwa Nyeri, mjane, na huyu ndiye mwanawe wa pekee. Mume alipotangulia kuja Uingereza, mke alibaki na mama mkwe nyumba moja. Huko ndiko mimba ilikomharibikia, na mama mkwe ndiye aliyemwogesha, akampikia uji, na kuwafukuza majirani waliokuja kuulizauliza. Sasa moyo wa mama ulikuwa dhaifu, na daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Mwanamume aliogopa kumwambia. Mwanamke alikuwa muuguzi, alikuwa amepata kazi Scotland na alikuwa anahama. Kwa hiyo walikubaliana ampe mwenzake siku moja, zipigwe picha za mwaka mzima, halafu mama awe anatumiwa moja kila mwezi mpaka ipatikane njia ya kumwambia.

"Sifanyi hivi kwa ajili yake," mwanamke akasema, bila kumtazama aliyekuwa mumewe. "Namfanyia mama."

Niseme kweli, sikuamini. Mama mgonjwa ni uongo wa zamani, kila mtu anao mfukoni. Nikafanya nilivyofanyiwa mimi. Nilimwomba mwanamume asogee mpaka ukingoni mwa ziwa, nikamuuliza mwanamke ni kitu gani cha huyu bwana kilichokuwa kikimuudhi. Hakufikiri hata kidogo.

"Haombi msamaha. Akikosea anakwenda kuosha gari. Ukiona gari letu linang'aa, jua nimelia."

Nikamwendea mwanamume. Nikamuuliza mkewe alichoshwa na nini kwake. Alijibu akitazama mabata.

"Kuna neno moja alilitaka kwangu," akasema. "Mimi nilikuwa naosha gari."

Watu waliokodiana hufundishana tarehe za kuzaliwa na majina ya wajomba. Hilo hawawezi kufundishana. Nikaichukua simu nikawapiga picha ya Desemba. Lakini nilirudi mjini nikiwa bado na shaka, safari hii si juu ya ndoa yao. Nilikuwa najiuliza kama mama yule, aliyemlea mmoja na kumuuguza mwingine, ni mtu wa kudanganyika kwa picha.

Baada ya mwaka mpya mwanamume alinipigia tena, nimpeleke stesheni. Hatukufika mbali kabla hajaanza kunieleza. Picha ya Desemba ilikuwa imefika Nyeri. Mama aliitazama, akamwita mtoto wa jirani amkuzie picha kwenye simu, akaitazama tena. Miaka iliyopita alikuwa ametumiwa picha nyingi za baridi ya huku, na katika zote miti ilikuwa mitupu. Katika hii, watu wamevaa glavu na miti imejaa majani mabichi.

Mama hakumwambia mwanawe neno. Alimpigia mkwewe moja kwa moja, akamuuliza analala wapi. Mwanamke hakuweza tena kuficha, akasema analala Scotland, peke yake, na kwa nini. Hapohapo akauogopea ule moyo. Mama akasema, "Aliyekuacha ni yeye. Mimi sijakuacha."

Moyo haukusimama. Ulikuwa na nguvu ya kutosha kumnyima mwanawe simu kwa wiki kadhaa, na alipoipokea alimwambia jambo moja tu: anakuja kujionea mwenyewe.

Akaja wakati wa joto. Mwanamke alishuka na treni kutoka Scotland, wakanikodi tena, na safari hii mama alikaa nyuma na mkwewe, mkoba magotini, mwana akawekwa mbele karibu nami. Alikuwa mwembamba, sweta hadi shingoni, na hakuamini kitu. Pale kwa fahali alimgonga tumboni kwa kifundo cha kidole asikie kama ni shaba au ni bati. Kwenye mfereji aliuliza kama ni kweli watu wanalala mashuani, na choo wanakwenda wapi. Tulimwonyesha mashua ikipandishwa kwa maji mpaka sehemu ya juu ya mfereji, geti moja likifungwa na jingine likifunguliwa. Akaitazama mpaka ikapita, ndipo akakubali kwamba hapo hakuna ujanja. Kwenye nyumba ya vioo alisimama mbele ya migomba, akauliza imefanya nini hata ikafungiwa ndani.

Mwanawe alimfuata nyuma akibeba maji na koti lake. Kuna mahali, kati ya mimea ile, nilimwona anamsogelea aliyekuwa mkewe, anasema kitu kifupi kwa sauti ya chini. Mwanamke aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, basi. Hakumshika mkono, wala hakurudi kwake, si siku ile wala baadaye. Lakini njiani kuelekea Sutton walizungumza, yeye mbele na mwenzake nyuma, juu ya tiketi za mama na dawa zake, kama watu wenye kazi moja.

Tukaketi karibu na ziwa. Mkwe akamenya chungwa, mama akala kipande kimoja kimoja huku akinitazama.

"Wewe ndiye uliyezipiga zile picha?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

"Niliambiwa mwishoni."

Akatafuna, akatema mbegu kiganjani. "Unapiga vizuri," akasema. "Ila huangalii miti."

Mwana akainua simu awapige wote wawili. Mama akaweka kiganja mbele ya uso wake na wa mkwewe, akamwambia airudishe mfukoni, yeye yuko hapa mwenyewe. Akairudisha. Farasi mmoja akapita karibu yetu akitafuta nyasi, mama akasogeza mkoba wake mbali naye. Kisha akauliza choo kiko upande gani, na sote tukainuka kukitafuta.