Mama Veneranda na Prosesa ya Kwanza

Mama Veneranda, mkuu wa maabara katika hospitali yetu ya misheni huku Iringa, si mtu wa kuruka salamu. Hata paa likiungua, atakuuliza kwanza umeamkaje, watoto hawajambo, mahindi yanaendeleaje. Siku ile alinipigia akasema tu, "Sedekia, njoo." Niliacha chai mezani nikakimbia.

Mashine ya kupima damu ilikuwa imemaliza kazi, lakini programu ya kompyuta inayopokea majibu imeganda. Wodini kulikuwa na kichanga wa mzazi mmoja, Lea, amekuwa wa njano hadi machoni, na daktari alisubiri jibu moja tu aamue kama ni kumbadilishia damu.

"Usiizime kompyuta," Mama Veneranda aliniambia kabla sijakaa. Nilikereka. Fundi ni mimi au yeye?

Nikaangalia matumizi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Jumla ilikuwa asilimia kumi na tatu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kompyuta ile ina prosesa nane. Ukizijumlisha humwoni anayeumia. Nikazifungua mojamoja. Saba zimekaa kama wageni wa harusi, ya kwanza imegonga mia na haishuki. Na programu yetu ya majibu, kuukuu kama ilivyo, haijui kufanya kazi kwingine ila kwenye hiyo ya kwanza.

"Nani amewasha programu ya muziki humu, tena akaipa kipaumbele cha juu?"

"Ni mimi."

Mumewe, Mzee Silvester, aliimba besi kwaya ya parokia mpaka tulipomzika mwaka juzi. Asubuhi hiyo mama alikuwa akihamishia kwenye kompyuta ile kaseti pekee yenye sauti yake. Kaseti ikakatika ilipofika mwisho. Sauti ilibaki ndani ya programu, ikisafishwa mikwaruzo, haijahifadhiwa popote. Akaiharakisha ili imalize kabla wagonjwa hawajajaa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia hivyo mjane? Hasira zikanitoka, nikaona aibu.

"Mama, naweza kuihamishia prosesa nyingine. Ila ikigoma, kompyuta yote inaweza kuganda."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, mama."

Simu kutoka wodini ikalia. Alisikiliza, akaiweka chini, akashika kipanya na kuifunga ile programu mwenyewe.

Majibu yakaingia. Alimsomea daktari kwa simu, namba moja baada ya nyingine, sauti haikutetemeka. Daktari akaanza kazi.

Jioni, kichanga akiwa ameshaanza kunyonya, Mama Veneranda alinikuta nikifunga mlango.

"Sedekia mwanangu, ile programu ingehama kweli?"

Kwa kawaida huhama, tena mara moja.

"Hapana, mama," nikasema. "Isingehama."

Akanishukuru, akaniuliza habari za watoto.