Matembezi ya Mama Je

Mama mkwe wangu hakuzaliwa na jina la Mama Je. Alipachikwa na wenzake wa chumba cha kushonea cha hospitali, ambako amekaa nyuma ya cherehani tangu mume wangu akiwa anatambaa. Kazi yake ni kuunga mashuka yaliyochanika, kukunja pindo za mapazia ya wodi na kushona magauni ya wagonjwa, yale yanayofungwa kamba mgongoni. Ukimpa habari yoyote, hata iwe njema namna gani, ataisikiliza mpaka mwisho, atakata uzi kwa meno, kisha aanze: je, umeme ukikatika? Je, bwana harusi akichelewa? Siku niliyopelekwa kwake kutambulishwa, wengine waliniuliza ukoo na kazi ya baba. Yeye aliniuliza, je, mwanangu akifukuzwa kazi utafanyaje? Nikamwambia nitapika kilichopo na nitamsaidia kutafuta nyingine. Akasogeza kiti chake, akanikalisha karibu, na mpaka leo sijaondoka hapo.

Watu hudhani ni mwoga. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka mdogo wake aliponisimulia jinsi walivyovuka mto wakiwa watoto, kundi zima la ndugu wakienda harusini. Maji yalikuwa yanapanda, kila mtu mzima akashika mkono wa mtoto aliye karibu, wakavuka wakiimba. Walipofika kwenye sherehe ndipo ikajulikana kwamba mdogo mtu ameachwa ng'ambo. Shangazi alidhani yuko na mama, mama alidhani yuko na shangazi. Mto ulikuwa umeshajaa, na mtoto akalala kwa watu asiowajua, akala vizuri, akachezewa na mbwa wao. Yeye mwenyewe akisimulia hucheka. Lakini dada yake, huyu mama mkwe wangu, alisimama kwenye ukingo usiku ule akiita, na nadhani tangu wakati huo hajawahi kuamini neno "yuko na mwenzake" bila kumwona mwenzake huyo ni nani.

Basi mwaka mmoja hospitali iliamua kufanya matembezi ya hisani ili kuchangia mashine za hewa za wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wodi ile naijua vizuri. Binti yangu alianzia maisha yake humo, mdogo hata nikaogopa kumshika, na bibi yake ndiye aliyemshonea kofia ya kwanza, inayotosha chungwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza kama tutashiriki.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfamasia mkuu, mtu mcheshi mwenye sauti kubwa, anayeweza kumfanya mgonjwa wa meno atabasamu. Kikao kilikuwa kimejaa mambo ya fulana, muziki na nani atakata utepe. Mama mkwe alikuwa ameitwa kuja kuchukua vipimo vya bendera tu. Akiwa amepiga magoti pembeni na futi yake shingoni, aliuliza kwa upole: je, mtu akianguka kule juu ya machimbo ya mawe, njia inakopanda, gari linapita wapi kumfuata? Akaongeza: je, mvua ikitukuta kabla ya daraja? Mmoja akamtania, je, simba akitokea? Akajibu bila kutabasamu kwamba simba hayupo, ila mbwa wa yule mwenye kiwanda cha matofali wapo, na hawafungwi.

Mfamasia akacheka mpaka akafuta miwani. Kisha akasema, "Aliyeuliza ndiye atakayejibu. Mama, usalama wote ni wako."

Alirudi nyumbani siku hiyo ameshika futi mkononi kama aliyesahau kuiweka. Tulifurahi kwa ajili yake, lakini baba mkwe alifurahi kwa namna yake. Huyu ni kondakta wa basi aliyestaafu, mtu ambaye maisha yake yote aliyaendesha kwa kusema "nafasi ipo, sogeeni". Kwake yeye ya kesho anayajua Mungu, na kumwingilia kazi yake ni utovu wa adabu. Alimwambia mkewe kwamba sasa amepata mahali pa kuwatisha watu wengi kwa mpigo. Alisema kwa utani, ila akamaliza vibaya. Alisema, "Wewe hukuolewa na mimi. Uliolewa na hofu."

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Siogopi," alisema. "Nikishapanga ndipo ninapoacha kuogopa. Usipopanga wewe, naogopa kwa niaba yako."

Baba mkwe akakohoa, akatoka kwenda kumwagilia ua ambalo lilikuwa limeshamwagiliwa.

Jumamosi zilizofuata tuliitembea njia yote, mimi na yeye, tukiwa na viatu vya raba na chupa ya maji. Sijawahi kuona mtu akitazama barabara vile. Alisimama kwenye kila mtaro kuona kama kiti cha magurudumu kitavuka. Alishika kingo za daraja akazitikisa. Pale machimbo, ambapo njia inapanda na kivuli hakipo hadi ufike juu, alisimama juani muda mrefu kwa makusudi, ili ajue mtu mzima ataanza kuumwa kichwa baada ya hatua gani. Nilimwambia kichwa kinaniuma mimi. Akasema vizuri, tutaweka maji hapa.

Karibu na katikati ya safari kuna shule ya sekondari yenye ukumbi mkubwa. Alimfuata mwalimu mkuu akaomba ukumbi uachwe wazi siku hiyo, mvua isije ikawanyeshea watembeaji. Akatafuta pia njia ya chini, inayopita nyuma ya mashamba hadi shuleni bila kugusa kilima wala daraja, endapo kijito kitajaa. Dereva wa gari la hospitali alikubali kuwafuata wa mwisho polepole, asimwache mtu nyuma. Gari hilo likabatizwa Fagio. Halafu akachukua mapazia ya zamani ya wodi, akayakata vitambaa vya kufunga mkononi vya rangi mbalimbali, kila kundi na rangi yake na kiongozi wake. Sheria aliyoiweka ilikuwa moja tu: kila mtembeaji awe na mwenzake, ajue anaitwa nani, na wasiachane.

Baba mkwe alikatazwa kutembea. Goti lake la kulia lilichoka zamani kwa kuning'inia mlangoni mwa basi, na daktari alikuwa ameshamwonya. Alikubali mara moja, bila ubishi. Ningekuwa na akili ya mama mkwe, kukubali huko kungenitia wasiwasi.

Siku yenyewe iliamka safi. Watu walijaa uwanjani na fulana zao nyeupe, wauguzi, akina mama waliowahi kulaza watoto wodini, wazee, mafundi, hata muuza magazeti wa getini. Mama mkwe alivaa kizibao cha rangi ya chungwa alichojishonea, filimbi shingoni. Alikuwa mtulivu kuliko siku zote. Tulikwenda pamoja katikati ya msafara, yeye akipokea simu kutoka mbele na nyuma: kituo cha maji sawa, daraja sawa, mbwa wamefungwa.

Gari la muziki lilikuwa mbele kabisa. Lilipofika juu ya machimbo lilisimama chini ya mti mkubwa wa pekee kusubiri watu, spika zikipiga kwa nguvu zote. Ndani ya mti ule mlikuwa na mzinga wa nyuki, na hakuna aliyejua.

Simu iliyoingia ilikuwa ya sista wa wodi ya watoto, aliyekuwa akiongoza kundi la mbele. Nilimsikia bila kuwekewa simu sikioni. "Mama, nyuki wametushukia. Tufanye nini?"

Nilimtazama mama mkwe. Mpango wa mvua alikuwa nao. Jua, mbwa, mtu kuzirai, daraja kuvunjika, vyote alikuwa navyo. Nyuki hakuwa nao. Nikaushika mkono wake. Kisha nikauhisi ukikaza.

"Zima muziki," alisema. "Waambie wasiwapige kwa mikono, wafunike nyuso, wakimbie. Njia ya chini, ile ya mvua. Wote ukumbini."

Akapuliza filimbi. Viongozi walikuwa wamefundishwa maana ya mlio ule kwa ajili ya mvua, wakafanya kama walivyofundishwa. Msafara ukageuka kama mkeka unapokunjwa. Walio mbele walishuka mbio vichwa vikiwa ndani ya fulana, walio nyuma wakaingia mashambani kwa utaratibu, na mimi nilimwona mfamasia mkuu akikimbia amembeba bibi mmoja mgongoni, bibi akimwelekeza njia. Tulipofika shuleni mlango ulikuwa wazi. Tukaingia, tukafunga madirisha.

Wengi walikuwa wameumwa mara moja au mbili. Wachache walivimba. Sista na wenzake walipita wakikwangua miiba kwa kucha na kwa ukingo wa kadi, wakiwauliza watu kama wanapumua vizuri, na wawili waliobanwa kifua walikimbizwa hospitalini kwa gari la wagonjwa ambalo mama mkwe alikuwa ameliomba lisubiri nje ya geti la shule. Wote wawili walipona siku hiyohiyo.

Mama mkwe alikuwa anapita rangi kwa rangi. Kila mtu ana mwenzake? Njano wapo. Bluu wapo. Kwenye kijani mama mmoja mwenye kitambaa kichwani alinyanyua mkono kwa kusitasita. Mwenzake hayupo. Ni mzee mmoja mwenye kofia ya ukili, mchangamfu sana, walikuwa pamoja mpaka pale kona ya machimbo. Jina lake mzee alimtajia, lakini alimwomba asilitaje mbele ya mama mwenye filimbi.

Mimi nilijua, na mama mkwe alijua kabla yangu. Hakupiga kelele. Alimpigia dereva wa Fagio, akamwambia afunge vioo na arudi pale kona ya machimbo, kuna mtu mwenye goti bovu. Halafu akakaa kwenye benchi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akaikunjakunja kamba ya filimbi.

Walimkuta baba mkwe mtaroni amejikunyata, kofia usoni, koti juu ya kofia. Goti lilikataa alipoanza kukimbia, akamsukuma mwenzake aende, akimwambia yeye yuko na mtu nyuma. Hakuwa na mtu. Alishushwa ukumbini jicho moja limefunga na mdomo umevimba, na watu wakapiga makofi kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Mama mkwe alimkalisha, akaanza kumtoa miiba shingoni, mmoja mmoja, kwa zile kucha zilizozoea kufumua mishono.

"Nilitaka nikuone ukifanya kazi," alisema baba mkwe, maneno yakimtoka kwa shida. "Siku zote nasikia tu."

"Umeona?"

"Nimeona."

Nilimwona mama mkwe akipepesa macho. Aliendelea kutoa miiba mpaka ikaisha, na hata ilipokwisha aliuacha mkono wake palepale shingoni.

Jua lilipopungua makali, mfamasia aliuliza nani anataka kumalizia. Karibu wote wakasimama. Tulimaliza nusu iliyobaki bila muziki, watu wakiimba wenyewe, walioumwa wakionyeshana uvimbe kama medali. Mashine zilinunuliwa kabla mwaka haujaisha. Nilikwenda kuziona, zinanguruma kidogo, na kando ya moja alikuwa amelala mtoto asiyezidi mkono wangu, amevaa kofia ambayo mshono wake niliutambua.

Siku hizi daktari amemwagiza baba mkwe atembee polepole kila jioni ili goti lisikakamae. Hupita mbele ya dirisha langu nikiwa jikoni. Yeye huongea njia nzima, akisalimia kila mtu kama abiria wake wa zamani, na mama mkwe huwa upande wa barabara, kati yake na magari. Wakifika kwenye mtaro husimama, mama mkwe humpa mkono, wakavuka, kisha husahau kuuachia.