Mkaa wa Sukari Mlangoni kwa Nyanya

Nilipokuwa mtoto kule Malindi, sikukuu haikuisha na Krismasi. Kwetu sisi ambao mama zetu waliwapikia Waitaliano, ilibaki siku moja zaidi, tarehe sita Januari, siku ya kizee mwenye ufagio.

Mama alikuwa mpishi wa mjane mmoja tuliyemwita Sinyora. Kila Desemba Sinyora alipanga juu ya kabati lake zizi dogo, ng'ombe na wachungaji wa udongo, na mbali kabisa, karibu na redio, wafalme watatu. Shule zikifungwa, kazi yangu ilikuwa kuwasogeza wafalme hao hatua moja kila siku, ili tarehe sita wafike kwa Mtoto Yesu.

"Pole pole," Sinyora aliniambia. "Wanatoka mbali."

Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji maneno. Sikuwa msemaji, na hata leo sijawa.

Sinyora alikulia katika mji mdogo wa pwani huko kwao. Alinisimulia kwamba mkesha wa Krismasi hawakugusa nyama, walikula samaki tu, na kwamba asubuhi ya tarehe sita kizee huyo, Befana, alifika kwa mashua huku watoto wakimngoja mchangani wakitetemeka kwa baridi. Mtoto mwema alipata peremende. Mtundu alipata mkaa. Mimi niliamini kila neno.

Mwaka niliotimiza miaka minane, Sinyora alinipa mwanasesere wa Befana aliyemshona mwenyewe kwa vitambaa, amejifunga leso kichwani na kushika ufagio, pamoja na soksi iliyojaa mapande meusi. Machozi yakanilenga. Sinyora akacheka, akavunja kipande, akanitia mdomoni. Ilikuwa sukari iliyotiwa rangi.

"Mtundike mlangoni," akasema. "Awaletee heri mwaka mzima."

Nikamtundika, yeye na soksi yake. Mlango niliouchagua ulikuwa wa Nyanya, kwa kuwa nilimpenda kuliko watu wote.

Hapo ndipo nilipokosea. Nyanya alikuwa mjane, mwenye nywele nyeupe na macho mekundu kwa moshi wa kuni, na kwetu kizee wa namna hiyo husemwa kuwa mchawi. Kitu kigeni kikionekana mlangoni pake, hakuna anayekiita pambo. Tena wiki hiyo mtoto mdogo wa jirani yetu, Mama Kache, alikuwa na homa siku ya tatu.

Adhuhuri nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha vyombo niliposikia kelele. Nilipofika mbele, nilimkuta Katana, shemeji yake Mama Kache, ameshika fimbo, na nyuma yake watu kama kumi.

"Bi kizee, hiki nini?"

"Sijui, mwanangu," Nyanya akajibu. "Nimetoka shamba nikakikuta."

"Hujui! Mlango ni wako, na kizee mwenye ufagio anakuja kutundikwa hapa na mkaa wake, nawe hujui?"

"Na mwanangu anachemka ndani," Mama Kache akasema huku akilia.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na uwanja mtupu ambako zamani palikuwa na nyumba ya kizee mwingine. Sisi watoto tulijua kwa nini ilichomwa. Nikapenya katikati ya miguu ya watu, nikatoa pande moja kwenye soksi. Nilitaka kueleza habari zote, za Sinyora, za mashua, za wafalme. Likanitoka neno moja tu.

"Sukari."

Wakacheka, kicheko kibaya. "Sukari nyeusi! Mjukuu naye keshafunzwa."

"Kama ni sukari," Katana akasema, "basi bi kizee aile tumwone."

Nyanya hakuniuliza nimeitoa wapi wala nani kanipa. Alinitazama usoni, akalichukua lile pande mkononi mwangu, akalitia mdomoni. Tulilisikia likivunjika kwa meno yake machache. Kisha akalamba vidole.

"Yanata," akasema, "lakini tamu. Haya, Mama Kache, onja. Halafu tumpeleke mtoto hospitali, nitambeba mimi."

Mama Kache aligusa kwa ncha ya ulimi. Akagusa tena. Watoto walipoona hivyo, soksi haikudumu. Mmoja wao akamwuliza Katana, mdomo umejaa weusi, "Ami, wewe huli?" Katana akaishusha fimbo akaenda zake.

Mtoto alikuwa na malaria, akapona. Jioni Mama alirudi kutoka kazini, akawaeleza majirani, na mimi nikapata kipigo changu. Sinyora aliposikia aliketi chini akalia.

Siku hizi naishi Toronto, Rexdale, ghorofa ya tisa. Binti yangu Neema ananielewa nikisema Kiswahili, lakini hunijibu Kiingereza. Januari hii mwalimu wake aliniita: kitabu cha darasa kimechanwa, na watoto wenzake wanamtaja yeye. Neema alinishika koti, akanong'ona kwa Kiswahili, "Mama, si mimi."

Sikumwuliza zaidi. Nilimwambia mwalimu, kwa Kiingereza changu kidogo, kwamba mwanangu akisema si yeye, basi si yeye. Sikumbuki kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mgeni.

Wakati wa kurudi tuliingia duka la Waitaliano, tukanunua mkaa wa sukari uliobaki wa sikukuu. Neema alikitazama kipande kile cheusi, akanitazama mimi, akauma.

Nyanya ameshazikwa, na sikuwahi kumshukuru kwa maneno, kwa kuwa maneno hunikwama. Kwa hiyo nayaandika hapa. Siku ile hakujua ni kitu gani kile. Alinijua mimi, akatafuna.